Sanduku la Bibi Si "Vyombo Vilivyotumika"





Kuna maneno manne yanayotupotezea urithi wetu kuliko mwizi wa usiku, na tunayaandika wenyewe kwa mikono yetu: "vyombo vya nyumbani vilivyotumika". Kila anayesafirisha sanduku la njumu, mlango wa kuchonga au birika la shaba la wazee wake kutoka Mombasa, Dar au Unguja, wakala humwambia aandike hivyo tu, kontena litapita. Na kweli mara nyingi linapita. Hapo ndipo tunapodanganyika.

Mie niliandika. Mwaka 2009 nilikuwa nalileta Uingereza sanduku la bibi yangu mzaa mama. Kontena likachaguliwa kukaguliwa. Watu wa forodha wakakuta sanduku kuukuu la misumari ya shaba, halina hata karatasi moja. La mwaka gani? Limetoka kwa ruhusa ya nani? Mbao gani hii? Jibu langu lilikuwa moja: ni la bibi.

Nikaandika nyumbani kuomba kibali. Nikajibiwa kwamba lazima sanduku lipelekwe ofisini likaguliwe kabla halijatoka nchini. Jamani! Sanduku liko bandarini Uingereza! Wakala simu hapokei. Sheria ya huku inakupa mwezi mmoja wa kupinga mali yako ikishakamatwa, nao ukaisha nahangaika na barua. Sanduku sijaliona tena. Ndani ya kifuniko baba yake bibi alikuwa ameandika tarehe za kuzaliwa watoto wake, ya kwanza ya mwaka 1898. Huo ndio ushahidi wa umri waliokuwa wakiuuliza, na mie sikuwahi hata kuupiga picha.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kitu kilichozidi miaka 100, ukikithibitisha, Uingereza hakitozwi ushuru wa forodha, na VAT yake ni asilimia 5. Kwa hiyo uongo wangu haukuniokolea hata senti. Ulinitia mashakani bure.

Na mambo yamezidi kukaza. Masanduku mengi tunayoyaita ya Zanzibar yaliundwa Surat na Bombay, na baadhi ni ya mbao za ukoo mmoja na mpingo wetu, ambao tangu Januari 2017 wote umo katika orodha ya CITES. Pembe ya ndovu ndiyo usiseme. Kiti kilichonakshiwa pembe kinataka hati zake hata kama kilikuwa cha babu wa babu. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo, tangu Juni 2025, zinadai leseni au tamko kwa mali za kale za aina kadhaa kutoka nje.

Najua watakaosema: mali ni ya bibi yetu, serikali inahusu nini? Inahusu. Tanzania Bara ina sheria ya mambo ya kale tangu 1964, na imetaja hadi milango iliyochongwa kabla ya 1940. Sheria hiyo mie naiunga mkono. Tumeona vigango vya Wamijikenda vilivyong'olewa vikaishia katika makumbusho ya Marekani. Makumbusho moja ya Denver ilikubali kurudisha 30 mwaka 2014, vikafika Kenya 2019. Vingine kutoka California vilifika Nairobi vikakwama uwanja wa ndege kwa madai ya ushuru. Yaani roho za wazee wa watu zinarudi kwao, na forodha inataka pesa! Sasa mwananchi wa kawaida mwenye birika lake atategemea nini?

Ndiyo maana siwaachii waheshimiwa wetu. Sheria bila dirisha ni mtego. Ni ubalozi gani umewahi kukwambia kibali hiki kinaombwa wapi, ada yake kiasi gani, kinachukua siku ngapi? Kutuita wawekezaji kwenye hotuba wanaweza. Basi watubandikie karatasi moja ukutani yenye mambo hayo matatu, na urithi unaorudi nyumbani upite bila kodi. Hayo si mambo ya kuundiwa tume.

Wiki iliyopita binamu yangu wa Maskati kanipigia. Anataka mlango wa nyumba ya marehemu babu yake, Pemba. Nimemwambia aupige picha pande zote ungali umesimama, amtafute mzee jirani anayeujua aandike na kutia saini, aombe kibali kabla fundi hajaugusa. Na wakala akimtajia yale maneno manne, atafute wakala mwingine.

Kanijibu kwamba wakala keshalipwa.