KIOTA KATI YA NYOTA



Mwaka 2007 China ilivunja setilaiti yake yenyewe kwa kombora. Mwaka 2019 India ikafanya vivyo hivyo, na Marekani ikaunda jeshi la anga za juu. Novemba 2021 Urusi nayo ikavunja ya kwake. Vipande zaidi ya 1,500 vikatawanyika, na wanaanga waliokuwa huko, wakiwemo Warusi, wakalazimika kujificha ndani ya vyombo vyao.

Kila taifa kubwa linataka kukaa juu ya mwenzake. Edomu nao walijiona salama kwenye miamba mirefu. Soma Obadia 1:4 uone Mungu aliwaambia nini kuhusu kujenga juu kati ya nyota.

Mimi naona hivi: vita hivyo havina mshindi. Kipande cha chuma kinachokwenda kilomita 7 kwa sekunde hakiulizi bendera. Kitagonga hata chombo cha aliyefyatua. Na wapiganapo tembo, nyasi huumia: dereva anayefuata ramani ya simu, mkulima anayengoja utabiri wa mvua.

Wengine wanasambaza unabii wa hofu. Mpendwa, hofu si maombi. Mkataba wa 1967 ulikataza kuweka silaha za nyuklia angani, kwa hiyo mataifa yanaweza kukubaliana. Tuwaombee watawala, na tuwaambie viongozi wetu wapinge majaribio haya katika Umoja wa Mataifa.

Anga ina Mwenyewe. Mbarikiwe.