Tarakilishi Isigeuzwe Ubao wa Pili

Wapenzi wa Kiswahili wametumia wino mwingi kubishania jina la mashine. Wako walioshikilia kwamba iitwe tarakilishi, wako waliopendelea kompyuta kama ilivyo desturi nchini Tanzania, na wako waliopendekeza ngamizi. Mjadala huo ulikuwa na faida yake, kwa kuwa lugha isiyoweza kuyataja mambo mapya huachwa nyuma na wakati. Hata hivyo, lipo swali zito zaidi ambalo halijajadiliwa kwa ari kama hiyo: mashine hiyo, kwa jina lolote itakaloitwa, imfanyie mwanafunzi wa Kiswahili jambo gani ambalo chaki na ubao haviwezi kumfanyia?

Wahenga walinena kuwa chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nchini Kenya nyenzo zimetafutwa kwa bidii. Mnamo Julai 2009 mkongo wa mawasiliano wa SEACOM ulianza kazi Mombasa, na mtandao uliokuwa ukitegemea setilaiti ukapata njia ya kasi zaidi chini ya bahari. Mwaka 2013 serikali ya Jubilee iliingia madarakani ikiwa imeahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza, na mwaka 2016 shule za msingi za umma zikaanza kupokea vishikwambi. Ugonjwa wa Korona ulipofunga shule na vyuo Machi 2020, mihadhara mingi ilihamia mtandaoni.

Pamoja na hayo yote, mabadiliko yaliyotokea katika madarasa mengi ya lugha ni haba. Maelezo yaliyokuwa yakiandikwa ubaoni sasa huangazwa ukutani, na yaliyokuwa yakinakiliwa kwa kalamu sasa hupigwa picha kwa simu. Mwanafunzi amepunguziwa kazi ya mkono bila ya kuongezewa kazi ya akili. Tarakilishi imegeuzwa ubao wa pili, tena ubao wa gharama kubwa. Ilhali yapo angalau mambo matatu katika taaluma ya Kiswahili ambayo ubao hauyawezi kabisa.

La kwanza ni sauti. Kila mwanafunzi wa fonolojia hufundishwa kwamba lahaja za kaskazini mwa pwani, Kimvita na Kiamu zikiwamo, hutofautisha vipasuo vyenye mpumuo na visivyo na mpumuo. Paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo, ilhali paa, mnyama wa porini, hutamkwa kwa mpumuo. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Tahajia sanifu haionyeshi tofauti hiyo, na mwanafunzi aliyelelewa bara huweza kuikariri, akaijibia mtihani na kupata alama zote bila ya kuisikia hata mara moja. Rekodi ya mzawa wa Lamu iliyohifadhiwa kwenye simu huitatua shida hiyo kwa dakika chache. Isitoshe, ipo programu ya Praat, iliyobuniwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo hutolewa bila malipo. Programu hiyo huichora sauti kwenye kioo, hata mwanafunzi akaweza kupima muda unaopita kati ya kufunguka kwa midomo na kuanza kutetemeka kwa nyuzi za sauti. Kile ambacho sikio lake lilishindwa kukinasa, jicho hukiona, na hatimaye sikio nalo hujifunza.

La pili ni wingi wa ushahidi. Ubishi kuhusu sarufi darasani mara nyingi huamuliwa kwa mamlaka ya mhadhiri au kwa kauli ya kitabu kimoja. Je, isemwe “rafiki zangu”, “marafiki zangu” au “marafiki wangu”? Kila upande una watetezi wake, na kila mtetezi ana mifano mitatu minne aliyoikumbuka. Kopasi, yaani hazina ya matini iliyohifadhiwa kidijitali, huugeuza ubishi huo kuwa utafiti. Kwa kuandika neno moja, mwanafunzi hupata mamia ya sentensi zilizoandikwa na watu wengi katika miktadha mingi, akahesabu, akalinganisha magazeti na riwaya, akaeleza ni nani hutumia umbo lipi na wapi. Hapo sarufi huacha kuwa orodha ya amri, ikawa maarifa ya namna watu wanavyosema. Linalosikitisha ni kwamba mojawapo ya kopasi mashuhuri zaidi za Kiswahili ilijengwa Helsinki, nchini Ufini. Heshima na iwaendee walioijenga, ila ni aibu kwa wenye lugha kungoja wageni wawapimie nafaka ya ghala lao wenyewe.

La tatu ni masafa. Mingi ya miswada ya kale ya tenzi, iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, imehifadhiwa mbali na pwani ilikotungwa, SOAS jijini London ikiwa miongoni mwa hifadhi zake kuu. Baadhi ya miswada hiyo imepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Mwanafunzi anayeisoma kwa macho yake hugundua jambo ambalo chapa za kisasa humficha: katika miswada mingi ya zamani, herufi moja ya Kiarabu huweza kusimamia b, p na hata mb. Basi kila utenzi uliochapishwa kwa hati za Kirumi umepita mikononi mwa mhariri aliyeamua neno gani lisomwe. Ugunduzi huo humfundisha mwanafunzi wa fasihi uhakiki kuliko muhtasari wowote uliotolewa nakala.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ndoto za wenye nacho, kwani umeme hukatika, bando ni ghali na si kila mwanafunzi ana kipakatalishi. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini ikichunguzwa, hubainika kwamba inaupinga zaidi mtindo uliopo kuliko huu unaopendekezwa. Kinachokula bando ni mhadhara wa saa mbili wa video ambamo maelezo husomwa tu. Rekodi ya sauti ya dakika moja huhamishwa kutoka simu hadi simu bila ya mtandao. Praat hufanya kazi katika tarakilishi kuukuu isiyounganishwa popote, na AntConc, programu ya bure ya Laurence Anthony ya kutafutia maneno katika matini, hali kadhalika. Tarakilishi tano za idara, zikipangiwa zamu, zaweza kulihudumia darasa zima.

Wengine wanahofia udanganyifu, hasa tangu ChatGPT ilipozinduliwa Novemba 2022 na mashine ikaanza kutunga insha kwa kuombwa tu. Hofu hiyo nayo ni ya haki. Hata hivyo, swali linaloweza kujibiwa na mashine kwa nukta chache lilikuwa likijibiwa zamani kwa kunakili kitabu, na kosa lilikuwa la swali tangu hapo. Mwanafunzi akiagizwa kumrekodi bibi yake akisimulia ngano, kuinukuu, kuonyesha maneno mawili ambayo kamusi haina na kuyatetea maana zake mbele ya wenzake, hakuna mashine itakayomwendea nyumbani kwa bibi.

Kazi, basi, inaanzia kwa mhadhiri anayetunga zoezi. Idara za Kiswahili hazina haja ya kusubiri vifaa vipya ndipo zibadili maswali yao. Vyama vya wanafunzi navyo vina nafasi yao. Makongamano yao hukutanisha vijana kutoka pwani, bara, visiwani na nchi jirani. Kila mmoja akija na rekodi ya dakika kumi ya Kiswahili cha kwao, ikiwa na idhini ya msemaji na maelezo ya mahali na tarehe, hazina itajengwa ambayo hakuna chuo cha ng'ambo kiliyo nayo. Wazee wanaokijua Kiamu, Kipate na Kitikuu cha zamani hawatasubiri bajeti ipitishwe. Simu ya kuwarekodi tayari imo mfukoni mwa mwanafunzi, na leo huitumia kupiga picha ubao.