Tuandike Mwaka Kwanza

Natoa rai yangu juu ya jambo ambalo wengi hulidhani dogo, nalo ni namna ya kuandika tarehe.

Mimi nilizaliwa tarehe 4 Septemba, 2008. Nilipoomba msaada wa karo katika ofisi moja kwa fomu ya intaneti, niliandika 04/09/2008. Programu yao ilikuwa imewekwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Basi ikanisajili kuwa nimezaliwa tarehe 9 Aprili. Cheti changu kikasema hivi, kumbukumbu zao zikasema vile. Baba akaacha shamba siku mbili kwenda kuthibitisha kwamba mimi ndiye mimi.

Wengine huniambia, "Ungekuwa mwangalifu." Lakini nilikuwa mwangalifu! Niliandika kama tulivyofundishwa. Uangalifu wa mwandishi wafaa nini iwapo msomaji anafuata kanuni nyingine? Lau ningezaliwa tarehe 14, kosa lingeweza kuonekana papo hapo, maana hakuna mwezi wa 14. Hatari imo katika siku 12 za kwanza za kila mwezi. Nimehesabu: miezi 12 mara siku 12 ni 144. Toa zile 12 ambazo siku na mwezi ni namba moja, kama 5/5. Zabaki tarehe 132 kila mwaka ziwezazo kusomwa namna mbili.

Tena liko dhara la pili. Katika chama chetu cha kompyuta tuliingiza tarehe kama maneno tu, kisha tukaiamuru kompyuta izipange. Ikaiweka 01/12/2023 mbele ya 02/01/2022, kwa kuwa hulinganisha herufi moja moja toka kushoto. Tulipoandika 2022-01-02 na 2023-12-01, zikajipanga sawasawa. Hiyo ndiyo kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 8601, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1988.

Kwa hiyo nashauri hivi. Fomu imwache mtu achague mwezi kwa jina lake, "Septemba", wala si kwa namba. Kisha programu igeuze jibu hilo kuwa mwaka, mwezi, siku, kabla ya kuhifadhi au kutafuta lolote katika kanzidata. Na safu yenyewe iwe ya aina ya tarehe, si ya maneno, ili 31 Februari isipate kuingia.

Sisi nasi tuanze hapa shuleni. Orodha zetu za kompyuta ziwe na mwaka kwanza, na barua kwa wazazi zitaje mwezi kwa jina. Waalimu na wazazi, mnapotujazia fomu, tafadhali tazameni kwanza fomu yataka nini kitangulie. Siku ya kuzaliwa ni mali ya mtu. Haifai ihamishwe miezi mitano na mashine.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne