Ndugu, Sufuria Yako Ina Kifuniko?

Ndugu wananchi wa Osukuru, Tororo, Malaba na Busia, tukisikia neno nishati, wengi wetu tunawaza stima. Si ajabu. Kule Jinja bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na nyaya zake zinapita hapa Tororo kuvuka kwenda Kenya. Tangu 2017 tuna hata mitambo yetu ya jua ya megawati 10.

Lakini nani kati yetu amechemsha maharagwe kwa stima wiki hii?

Uganda nzima, karibu sehemu tisa kati ya kumi za nishati tunayotumia ni kuni, makaa na mabaki ya mimea. Basi tukitaka kujua nishati ya taifa inapotelea wapi, tuanzie jikoni.

Tazama mafiga matatu. Maharagwe hayakulowekwa. Kuni zimekatwa jana, ncha zinatoka povu. Moto unahangaika kukausha kuni kwanza, joto linatorokea pembeni, moshi unamfuata mama machoni. Saa nane mchana watoto wamerudi na maharagwe bado magumu.

Kina mama, kina baba, tujaribu wiki moja tu. Loweka maharagwe usiku. Anika kuni mpaka zilie kavu ukizigonganisha. Funika sufuria, na ikishatokota, punguza moto. Je, wajua kwamba maji yanayotokota kwa fujo hayana joto kuzidi yanayotokota polepole? Kuni zinazoongezwa hapo zinageuza maji kuwa mvuke tu. Makaa yakibaki, yazime, yatafaa kesho.

Na kazini je? Wewe mwenye duka, balbu ya zamani ya wati 100 hula yuniti nzima kwa saa 10. Ya LED ya wati 10 itakesha saa 100 kwa yuniti hiyohiyo. Nawe dereva wetu kwenye foleni ya mpakani, ukiona malori hayasogei, zima injini. Mafuta hayo yametoka mbali, kupitia Mombasa.

Turudi jikoni. Tunajua bei ya gunia la makaa. Je, tunajua linadumu siku ngapi? Leo ukifungua jipya, chukua kipande kimoja cha makaa uandike tarehe ukutani.