Digrii ya biashara au duka? Piga hesabu ya madeni yote mawili

Nimefunga duka sasa hivi, hii naandika nikiwa bado kaunta.

Wiki iliyopita mzee alinipigia simu. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita na amepata nafasi chuo, digrii ya usimamizi wa biashara. Mkopo wa Bodi amepata ila haujafika ada yote, panapungua 700,000 kwa mwaka. Mzee akasema, "Mfanyabiashara wa familia ni wewe. Niambie, hiyo digrii ina faida? Au hiyo hela tumfungulie genge?"

Kwangu 700,000 ni karibu mzigo wote ninaoleta dukani kwa wiki. Nikiitoa, rafu zitaonekana nyeupe. Na mimi ni wa kidato cha nne, nimemaliza 2016, kila ninachojua nimejifunzia kaunta hapa Uyole. Kwa hiyo mngetegemea nijibu haraka: mzee, achana na chuo, shule haina hela siku hizi. Maneno hayo nimeshayasema sana, tena mbele za watu.

Ila safari hii nilichukua kalamu kwanza. Hesabu ikanisuta.

Nianze na jamaa yangu niliyekaa naye dawati moja. Yeye aliendelea, akaingia chuo 2019, akamaliza 2022 na digrii ya biashara. Deni lake Bodi ya Mikopo ni 10,800,000. Ukilitaja hivyo mbele ya mama lishe anashika kifua. Baada ya kumaliza alikaa miezi 14 bila kazi, analala kwa shemeji yake. Sasa ni mhasibu msaidizi kwenye ghala moja Dar, mshahara 600,000. Nilimwomba karatasi ya mshahara akanitumia. Iko hivi:

NSSF asilimia 10: 60,000
Kodi ya mshahara: 24,000
Bodi ya Mikopo asilimia 15: 90,000
Inayobaki mkononi: 426,000

Gawa 10,800,000 kwa 90,000. Unapata miezi 120. Miaka 10 kamili, kama mshahara hautapanda. Ukipanda, makato nayo yanapanda na deni linaisha mapema. Hiyo ndiyo bei ya digrii yake, na haijahesabu ile miezi 14 ya kukaa.

Sasa mimi. Kwa siku nauza wastani wa 150,000. Faida yangu ghafi ni kama asilimia 15, yaani 22,500 kwa siku, 675,000 kwa mwezi. Vikitoka pango, umeme, kodi ya mapato, leseni na bidhaa zinazoharibika, kama 270,000, nabaki na 405,000.

Mmeona? Msomi mwenye deni la milioni 10 ananizidi 21,000. Ni kweli mimi nakula humu humu dukani na yeye ana pango na nauli za Dar. Lakini yeye anapumzika Jumapili. Mimi nafungua saa 12 asubuhi mpaka saa 4 usiku, siku zote, nikiumwa duka linaumwa. Na ile NSSF yake, mwajiri naye anamwekea 60,000 juu yake. Mimi akiba yangu ya uzeeni kwa sasa ni friji na mizani.

Mtu atasema: sawa, lakini wewe huna deni la shule. Hapo ndipo tunapojidanganya. Na mimi nililipa ada, sema hakuna aliyenipa risiti. Niliziandika zote usiku ule:

Ya kwanza, kukopesha majirani bila daftari. Hela ambayo haikurudi mpaka leo ni 640,000.

Ya pili inaniuma zaidi. Nilifungua duka Februari 2020. Kitu nikinunua 1,000 nauza 1,200, nikawa najiambia faida yangu ni asilimia 20. Mwisho wa mwezi nimeuza 3,000,000, natoa asilimia 20, yaani 600,000, naitumia kama faida. Kumbe 200 ndani ya 1,200 siyo asilimia 20, ni kama 16.7. Faida ya kweli ilikuwa 500,000. Kila mwezi nilikuwa nakula 100,000 ya mtaji huku nikidhani nakula faida. Miezi 11! Nimekula 1,100,000, na nilikuwa namlaumu kijana wa dukani kwamba ananiibia. Nikamfukuza. Kijana wa watu hakuwa na kosa.

Mnajua nani alikuja kuligundua? Huyo huyo jamaa yangu. Alikuja likizo mwisho wa mwaka ule, akakaa kwenye kreti, akalifungua daftari la kaunta. Hakumaliza hata soda. Akaniambia, "Kaka, asilimia unaipigia kwenye bei ya kununulia, halafu unaitoa kwenye mauzo." Kitu ambacho kwao kilikuwa somo la mwaka wa kwanza.

Ya tatu, duka lilipoyumba nikakimbilia kausha damu. Nilichukua 500,000, riba asilimia 20 kwa mwezi. Miezi 9 nililipa riba tu, 100,000 kila mwezi, jumla 900,000, na zile 500,000 bado wananidai zikiwa nzima.

Jumlisha: 640,000 na 1,100,000 na 900,000. Ada yangu ya chuo cha kaunta ni 2,640,000, mbali na kijana niliyemfukuza.

Sasa linganisha madeni yenyewe. Deni la jamaa yangu tangu 2021 halina ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, serikali iliiondoa. Anachodaiwa hakizai. Na yale makato yanatoka kwenye mshahara, hakuna anayekuja kumbebea godoro. Langu lilizaa kila mwezi, niuze nisiuze. Kwetu wafanyabiashara mkopo usio na riba nao upo, ile asilimia 10 ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, lakini wangapi kati yetu tumekaa kikundi tukaufuatilia? Tunakwenda kwa kausha damu kwa sababu hela inatoka siku hiyo hiyo.

Msinielewe vibaya. Sisemi kila mtu akimbilie chuo. Miezi 14 ya kulala kwa shemeji siyo mchezo, na wapo waliokaa zaidi. Ninachosema ni kwamba deni la digrii siyo baya kwa sababu ni kubwa. Linakuwa baya kama kile ulichonunua nalo hakikusaidii kulilipa. Kabla mtoto wako au mdogo wako hajasaini, muulizeni haya:

1. Jumla ya deni ni shilingi ngapi mpaka amalize? Wengi wanajua boom tu, hawajui kwamba boom nayo ni deni. Chukua jumla, gawa kwa asilimia 15 ya mshahara wanaolipwa wanaoanza kazi hiyo. Utajua ni miezi mingapi. Na asidhani akijiajiri amesamehewa. Aliyejiajiri naye anatakiwa kurejesha.

2. Akimaliza anajua kufanya nini kwa mikono yake? Uhasibu una bodi yake, NBAA. Ununuzi na ugavi una PSPTB. Ukifaulu mitihani yao una kitu cha kumwonyesha mwajiri. Usimamizi wa biashara kwa ujumla hauna bodi ya namna hiyo, kwa hiyo anatakiwa atafute ujuzi maalumu ndani ya ile miaka 3.

3. Asipokwenda, atafanya nini kwa uhakika? Kama jibu ni "tutaona", basi hiyo genge ni bahati nasibu. Mtaji bila mtu anayejua hesabu unaliwa, mimi ni shahidi.

Nilimpigia mzee juzi. Nimesema aende, na 700,000 nitatoa mimi. Kwa miaka 3 ni 2,100,000, pungufu ya ile niliyoipoteza kwa kutojua. Nilitaka kuchukua fremu ya pili hapo stendi mwaka huu. Itasubiri. Inauma, sitadanganya.

Nimempa masharti mawili. Chuo chake kinaruhusu kuchagua mchepuo mwaka wa pili, achukue uhasibu. Na kila likizo aje Uyole afunge hesabu za duka hili, kila shilingi. Akajibu, "Sawa kaka, ila nikikuta umekula mtaji nitamwambia mama."

Nimekubali. Sasa na wewe kabla hujalala, chukua kalamu uandike hasara zote za kutojua tangu ufungue duka. Ada yako imefika shilingi ngapi?