Tabo kubwa si lazima iwe tabo bora: Somo kwa wenye injini za silinda sita

Na Mwandishi Wetu

MWENYE gari la mwendo kasi lenye injini ya silinda sita anapofika gereji kutaka tabo mpya, swali lake la kwanza kwa fundi huwa moja: itanipa nguvu farasi ngapi?

Swali hilo si baya, ila linakuja mapema mno. Anayelitanguliza anaweza kujikuta ameuziwa tabo inayong'ara kwenye karatasi ya vipimo, huku barabarani gari likiwa zito mpaka injini ifikishe mizunguko ambayo dereva wa mjini haifikii hata mara moja kwa siku.

Suala hili limepata uzito zaidi katika miaka ya karibuni. Injini za Toyota za 1JZ-GTE na 2JZ-GTE, pamoja na RB26DETT ya Nissan, zilizoyajengea jina magari ya Kijapani ya silinda sita, hazifungwi tena katika magari mapya. Supra ya JZA80 na Skyline GT-R ya R34 zote zilikoma mwaka 2002. Wakati huohuo, sheria ya Marekani huyaachia magari yaliyotimiza umri wa miaka 25 kuingia nchini humo hata kama hayakutengenezwa kwa viwango vyake vya usalama. R34 za kwanza, za Januari 1999, zilifikia umri huo Januari 2024.

Kwa maneno mengine, mnunuzi wa Dar es Salaam anagombea injini na vipuri vilevile na mnunuzi wa Texas. Injini ikiungua kwa sababu ya tabo isiyofaa, kupata nyingine si jambo jepesi tena.

Ni vema basi kuelewa kinachonunuliwa. Tabo ni mapangaboi mawili yaliyofungwa kwenye ekseli moja. La kwanza huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. La pili, yaani kompresa, huvuta hewa na kuishindilia kwenye silinda. Hewa ikiongezeka, petroli nayo huongezwa na nguvu hupanda. Lakini pangaboi kubwa linahitaji moshi mwingi ili lizunguke vya kutosha. Ndiyo maana tabo kubwa huchelewa kuitika pale dereva anapokanyaga mafuta.

Toyota wenyewe waliacha ushahidi wa jambo hili. 1JZ-GTE ya awali, yenye ujazo wa lita 2.5, ilikuwa na tabo mbili ndogo zinazofanya kazi pamoja. Mwaka 1996 ikafanyiwa mabadiliko: ikawekewa tabo moja na mfumo wa VVT-i wa kurekebisha ufunguaji wa vali. Nguvu iliyotangazwa haikubadilika, ikabaki farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kutokivuka katika matangazo yao. Kilichobadilika ni nguvu ya kuvuta. Ile ya zamani ilifikia kilele chake cha nyutoni mita 363 kwenye mizunguko 4,800 kwa dakika. Mpya ilifikia 378 kwenye mizunguko 2,400 tu.

Anayetazama namba ya farasi peke yake ataziona injini hizo mbili kuwa sawa. Anayeziendesha kwenye foleni au anapolipita lori barabara kuu hatakubaliana naye.

Je, mtu abaki na tabo za kiwandani? Si lazima. Baadhi zina udhaifu unaojulikana. 2JZ-GTE zilizouzwa katika soko la Japani zilifungwa tabo zenye mapangaboi ya kauri upande wa moshi, wakati zile za masoko ya nje zilitumia chuma. Kauri ni nyepesi na huitika upesi, lakini ikilazimishwa presha kubwa kuliko iliyokusudiwa huweza kupasuka. Mwenye injini iliyoletwa moja kwa moja kutoka Japani hana budi kulijua hilo kabla ya kumwambia fundi aongeze presha kidogo.

Hesabu ya kuchagua si ngumu. Kwa kukadiria, injini ya petroli inayolenga nguvu farasi 400 huhitaji takriban kilo 18 za hewa kwa dakika. Kampuni zenye sifa, kama Garrett na BorgWarner, hutoa chati ya kompresa inayoonyesha kila tabo inasukuma hewa kiasi gani na kwa presha ipi. Tabo ikiwa kubwa mno kwa injini, hewa hurudi nyuma kwa kishindo na kuzitesa beringi. Ikiwa ndogo mno, huzunguka kupita kiasi na kuipasha hewa moto badala ya kuishindilia. Muuzaji asiyeweza kuonyesha chati anauza chuma kilichopakwa rangi.

Hapa ndipo jiografia yetu inapoingia. Dar es Salaam, usawa wa bahari, tabo inayoongeza presha ya bar 1 inaifanya hewa iwe na mgandamizo wa karibu mara 2 ya ule wa kawaida. Mbeya, yapata mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kupata bar 1 hiyohiyo kunaihitaji tabo ifikishe karibu mara 2.2. Italazimika kuzunguka kwa kasi zaidi. Chaguo linalotosha pwani linaweza kuelemewa nyanda za juu, hivyo ushauri ulioandikwa kwa dereva wa nchi nyingine usichukuliwe kama ulivyo.

Aidha, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja zina bahati yake. Moshi wa silinda tatu za mbele ukitenganishwa na ule wa tatu za nyuma, misukumo yake haigongani. Tabo yenye njia mbili za moshi hutumia faida hiyo kuwahi kuamka, mradi manifoldi nayo iwe imegawanywa vivyo hivyo.

Hata hivyo, kosa kubwa kuliko yote ni kumaliza bajeti kwenye tabo. Hewa ikiongezeka bila petroli kuongezeka, injini huanza kugonga na pistoni huyeyuka. Pampu ya mafuta, nozeli, kipoza hewa na kupanga upya kompyuta ya gari ni sehemu ya bei ya tabo. Klachi, matairi na breki vilevile. Gari lililoongezewa nguvu farasi 120 huku likisimama kwa breki zilezile chakavu ni hatari kwa wapita njia ambao hawakushirikishwa katika uamuzi huo.

Anayekwenda gereji kesho na aanze na maswali mengine: naendesha wapi, kwenye mizunguko ipi, na injini yangu ina afya gani? Akishayajibu, idadi ya farasi itajitokeza yenyewe. Huenda ikawa ndogo kuliko aliyoiota, lakini ndiyo itakayomfikisha nyumbani na injini yake ikiwa nzima.