Gari Dogo, Kaya Kubwa

Wiki iliyopita nililiendesha kwa majaribio gari jipya dogo, Toyota Starlet, linaloundwa India na Suzuki na kuuzwa Afrika kwa nembo ya Toyota. Injini yake ya lita 1.5 ilipanda mlima bila kulemewa; usukani ni mwepesi, na maegesho finyu ya sokoni yalilitosha. Moyo ukaridhia.

Ndipo nikamkaribisha mama kiti cha nyuma, kati ya wajukuu wawili. Akauliza, "Mwanangu, na huyu wa tatu tumwache na nani?"

Nilitaka kujibu, "Apakatwe." Nikaona haya: mkanda mmoja haufungi watu wawili. Viti ni vitano, nasi tu sita.

Kabla ya kuulizia bei, wahesabu kwanza walio nyumbani kwako.